Jina Lililorudishwa Baharini

Anti Haunani, dada yake baba, husuka kofia za majani ya mkadi hapa Keaukaha, pwani ya kisiwa chetu, na mdomo wake unachana kuliko kisu chake. Mteja akiuliza bei mara ya pili hujibiwa, "Kichwa chenyewe hicho hakistahili kofia."

Darlene, mke wa kaka yangu Makoa, alipokuwa mjamzito, marehemu babu alimjia Anti ndotoni akamtajia jina lake mwenyewe: Kaʻeha. Kwetu jina la ndotoni halikataliwi. Likikataliwa, mtoto huugua, pengine hata akalemaa.

"Maana yake nini?" akauliza Darlene. Ametokea Nebraska; kwake jina lisilo na tafsiri ni kopo lisilo na lebo.

"Maumivu. Baba alizaliwa siku waliyomzika dada yake."

"Yaani mwanangu nimwite Maumivu?"

"Wewe unaitwa Darlene, na hakuna aliyekuuliza maana."

Mtoto akaitwa Leilani, Shada la Mbinguni, jina lililookotwa kwenye sumaku ya friji. Makoa, mwanamume mzima, akanyamaza kama nguruwe wa karamu.

Anti hakukanyaga kwao mpaka sherehe ya mwaka wa kwanza, alipokuja bila kualikwa. Akamkuta mtoto anatambaa.

"Hasimami?"

"Daktari amesema ni kawaida," Darlene akajibu.

"Huyo daktari anamjua baba yangu? Nakuomba mara ya mwisho, mpe jina lake."

"Ukilitaja tena, Anti, mlango ule pale."

"Mlango gani? Hili ni turubai."

Anti akachota chumvi mezani, akamwambia Makoa, "Mbebe mwanao, unifuate." Walivuka barabara hadi baharini, Darlene nyuma yao akitukana. Anti aliitia chumvi majini, akainyunyizia miguu ya mtoto maji yale, akasema, "Baba, wamelikataa. Lichukue jina lako. Mtoto umwache."

Anti hakujaaliwa mtoto, na mimi hata mchumba sina. Jina la babu liliishia pale.

"Ndiyo nini hiyo?" Darlene akauliza.

"Umeshinda. Nenda kakate keki."

Siku hizi Leilani anakimbia. Darlene husema daktari alikuwa sahihi, na husema kwa sauti, Anti akiwa karibu. Anti hamjibu. Humwita mtoto Leilani kama anayesoma bei ya nyama buchani, kisha humvalisha kofia, kwa kuwa jua ni kali na mama yake hana akili.