Nilivyoomba Siakago

Mimi ni mtu wa kula na kunywa, sifichi. Nikifika nchi ya watu, kabla sijauliza habari za milima yao wala soko lao, nauliza wanakula nini na bia yao ikoje. Kwa hiyo hata safari ya kwenda kumchukua dada yangu, ambayo ilikuwa safari ya msiba tangu hatua ya kwanza, naikumbuka kwa sahani na chupa. Nawaonea wivu wanaowakumbuka marehemu wao kwa picha.

Dada alitutoka akiwa Timau, upande wa baridi wa Mlima Kenya, alikokuwa akifanya kazi kwenye shamba la maua. Huko ndiko alikompata mume, Mmbeere wa Siakago, wakaishi vizuri tu. Mahari yalitufikia Moshi, lakini wakwe wenyewe hawakuwahi kuja. Kila mwaka walisema watakuja, kila mwaka kukatokea jambo. Siku ninaondoka, mama alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nenda ukaniletee mwanangu," akasema. "Alale hapa kwa baba yake. Na usigombane nao, baba. Nao wamefiwa. Waombe tu."

Timau nilifika na njaa na uchovu. Nikauliza hoteli iko wapi, kijana mmoja akaninyooshea kidole, nikaingia na begi langu na kuulizia chumba. Wafanyakazi wa maua waliokuwa wakila githeri wakanitazama, mabuti ya mpira miguuni. Kumbe kwao hoteli ni pa kula, hakuna hata godoro. Githeri yenyewe ilikuwa mahindi na maharage yaliyochemshwa bila nazi, bila pilipili, bila huruma yoyote. Niliimaliza kwa sababu ya baridi.

Jirani palikuwa na baa. Nikakaa, mhudumu akaja, nikamwambia kwa adabu zote nilizolelewa nazo, "Dada, naomba bia."

Akashika kiuno. "Unaomba?"

"Ndiyo, naomba bia moja."

"Hapa hatuombangi, mzee. Tunanunuanga. Uko na pesa ama hauna?"

Baa nzima ikacheka. Kwetu, ukimwambia mhudumu "nipe" unaonekana huna malezi. Kwao, anayeomba ni yule anayekaa mlangoni mwa kanisa na kopo. Nikaonyesha pesa, tukapatana. Akaniuliza moto au baridi, nikachagua moto, maana yake ile iliyotoka rafuni bila kupita kwenye friji. Katika baridi ile ilikuwa bia nzuri sana, na nilikasirika kuiona nzuri wakati dada yangu yuko kwenye jokofu.

Mwili ulikuwa umeshapelekwa mochari ya Embu, karibu na kwao mumewe. Shemeji, mume wa dada, alinikuta Timau tukakusanya nguo za marehemu, kisha tukashuka pamoja. Njiani tulisimama Meru, akaninunulia mbuzi wa kuchoma kwenye bucha moja safi. Nyama ililetwa juu ya ubao, ikakatwa mbele yetu, chumvi imewekwa pembeni kama kilima kidogo. Shemeji hakugusa kitu. Alikuwa akinisogezea vipande, kila nikimaliza kimoja ananisogezea kingine.

"Alikuwa anapenda hii ya mbavu," akasema.

Nikamwambia wazi kwamba nimekuja kumchukua. Akaitikia kwa kichwa. Alisema yeye hana neno, ila hawezi kuiambia mochari imtoe kabla wazee wa kwao hawajanisikia. Nikaona ni haki. Nilimpenda mtu yule, na hilo ndilo lililokuja kuniponza.

Siakago ni joto na vumbi jekundu. Walitupikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, nikala nusu sahani. Wazee walikaa kwenye viti vya plastiki uani, baba mkwe wa dada katikati yao, na mbele yake kibuyu kikubwa cha muratina, pombe yao ya asali. Kando palikuwa na pembe ya ng'ombe ya kunywea.

Baba mkwe alinieleza kwa Kiswahili chake cha taratibu, na naapa alieleza vizuri. "Sisi tulituma mahari, lakini pombe haikunywewa. Watu wa msichana hawajakunywa, sasa huyu bado ni mgeni kwetu, na mgeni hatuwezi kumuzika. Wewe ndio uko hapa mahali pa baba yake. Ukikunywa hii, ni bibi yetu, tutamuzika hapa. Ukikataa, chukua mtu yako uende. Hakuna mtu atakushika."

Basi. Kazi yangu ilikuwa kutokunywa. Mtu mzima niliyekunywa kila kitu tangu mpakani, nilitakiwa nisinywe pembe moja tu.

Lakini nilikumbuka maneno ya mama. Sikutaka kukataa kama mtu aliyekuja kwa shari. Nikasimama, nikakunja mikono kifuani, nikaanza kama tunavyoanza kwetu tunapozungumza na wakubwa.

"Wazee wangu," nikasema, "naomba..."

Nilikuwa na sentensi nzima nyuma ya neno lile. Naomba mniruhusu nimrudishe dada yangu kwa mama yake. Niliipanga usiku kucha. Haikupata nafasi. Baba mkwe alipiga paja lake akageuka kwa wenzake.

"Ameomba! Mmesikia? Ameomba mwenyewe!"

Mzee mmoja akaanza kumimina. Wanawake waliokuwa jikoni wakapiga vigelegele, vile vya kilio na shukrani pamoja, na pembe ikawa mkononi mwangu imejaa, povu likinitiririkia vidoleni. Nikafungua mdomo kueleza. Ndipo nilipomwona shemeji. Alikuwa ameinama, ameziba uso kwa kofia yake, mabega yanatikisika. Hakuwa amelia Timau, hakulia Embu tulipoonyeshwa mwili. Yeye naye alikuwa amekubali kimoyomoyo kunyang'anywa, na sasa alikuwa amerudishiwa.

Ningeweza kuiweka chini. Nilijua maana yake, nilikuwa nimeelezwa. Nikanywa.

Muratina ni nzuri. Ina uchachu mwanzoni, halafu asali inakuja nyuma taratibu na kukaa kooni. Ningependa kusema ilikuwa chungu, lakini ilikuwa pombe nzuri kuliko zote nilizowahi kunywa ugenini, na sijawahi kuichukia pombe yoyote kama ile.

Walimzika vizuri, nyuma ya nyumba ya shemeji, chini ya udongo mwekundu. Simu niliizima. Neno kama lile humwambii mama yako kwa simu.

Nilipofika nyumbani nilipitia nyuma, kwenye migomba. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Udongo wake ulikuwa umefunikwa kwa turubai, na turubai limekandamizwa kwa mawe, ili mvua isiurudishe shimoni. Mama alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga.

"Umefika, baba. Uliwaomba?"

"Niliomba, mama."

"Vizuri? Kwa adabu?"

"Kwa adabu."

"Wakasemaje?"

Nikaliweka begi chini.

"Walinipa."

Akamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akanipita, akaenda hadi getini, akasimama akitazama barabara.

"Sasa gari liko wapi?" akaniuliza.