Tumbo la Mwendesha Winchi

Kutoka chini mpaka kwenye kibanda cha winchi ya kunyanyulia mizigo ya ujenzi kulikuwa na vidato mia mbili na kumi na sita, na Kipanga alivipanda kila asubuhi akiwa na njaa ya makusudi. Si kwamba nyumbani hakukuwa na chakula. Aliacha sufuria la mama yake likitoa mvuke jikoni, akachukua kipande cha mkate mweupe, akakitafuna kikavu huku akifunga kamba za viatu, akakisindikiza na nusu kikombe cha chai ya rangi. Maji hakuyagusa. Kwa mtu atakayekaa angani kutwa nzima, maji ni mgeni anayebisha hodi wakati wowote anaotaka yeye.

Kipanga ni jina alilopewa na mafundi wa pale kwenye ujenzi, na alilipenda kuliko alivyokubali kusema. Kazi hii aliiingia kwa mlango wa uani. Alianza kwa kubeba kokoto kichwani, akapanda cheo akawa mtoa ishara, anayesimama chini na kumwonyesha mwendesha winchi kwa mikono wapi mzigo ushuke. Kisha mzee aliyekuwa akiendesha winchi akaanza kuona ukungu machoni, na kabla hajastaafu akamfundisha yeye. Alimfundisha kuusoma upepo na kuutuliza mzigo usibembee. Halafu akamwongezea na hili:

"Binti yangu, mwendesha winchi hana tumbo. Ukishuka leo, ukashuka kesho, kesho kutwa watakushusha wao."

Mzee wa watu alikuwa na nia njema. Lakini nia njema haijawahi kumtibu mtu, na wengine imewaumiza.

Basi Kipanga akawa mtu asiye na tumbo. Tumbo lenyewe halikuambiwa. Lilinguruma, likajaa gesi, likakaa siku tano bila kwenda haja, kisha siku ya sita likafungulia kama bomba lililopasuka. Na hapo ndipo alipoingia mdogo wake, aliyekuwa muuzaji katika duka la dawa lenye vioo vingi na kiti kimoja. Wale ndugu walipendana, na tatizo lote lilianzia kwenye upendo huo.

"Dada, chukua hivi," mdogo mtu alikuwa akisema, akimfungia vidonge vya rangi mbili kwenye karatasi. "Viwili leo, kimoja kesho. Litatulia."

Na kweli lilitulia, siku mbili tatu. Kipanga akawa anavimeza tumbo likiharisha, anavimeza likivimba, na mwishowe akawa anavimeza hata likiwa halijafanya kosa lolote, kwa sababu tu kesho yake kulikuwa na kazi ya kumwaga zege. Havikuandikwa na daktari yeyote. Hakuna aliyepima kitu. Vilivyobaki alivihifadhi kwenye mfuko wa koti, pamoja na glavu.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Uso ukakonda, lakini tumbo likavimba na mkanda wa suruali ukazidi kulegezwa. Kwenye harusi moja ya ukoo, shangazi yake alimkumbatia, akampapasa tumbo, akampongeza kwa sauti ya kusikika hadi meza ya tatu. Kipanga hakuwa mjamzito. Alikunywa soda na gesi yake, akatabasamu, akarudi nyumbani kulia.

Pale kazini kulikuwa na winchi ya pili, upande wa pili wa jengo, na aliyeiendesha walimwita Komando. Alikuwa mkubwa wake kwa umri na kwa kazi, mtu mwenye mabega mapana na mdomo mpana zaidi. Redio ya mawasiliano ilikuwa moja kwa wote, kwa hiyo utani wake ulisikika na watu thelathini.

"Mimi nikipanda, nimepanda," alikuwa akisema. "Nashuka na jua. Wengine wanatafuta ngazi kabla chai haijapoa."

 Kipanga alikuwa na jibu moja tu, nalo ni kutoshuka.

Siku ilipomgeukia, ndoo ya zege ilikuwa inaning'inia juu ya ghorofa ya tisa. Mafundi walikuwa wameshasimama na makoleo yao wakingoja. Tumbo likamkata mara moja, akadhani ni njaa. Likamkata mara ya pili, jasho likamtoka hadi viganjani, na mkono ukateleza kidogo kwenye mpini wa kuongozea mzigo. Ndoo ikayumba. Ilikuwa kidogo tu, lakini fundi mmoja kule chini aliruka pembeni, na Kipanga akaona kichwa cha yule mtu kilivyokuwa karibu na ile ndoo. Kuanzia hapo hakufikiria aibu tena. Aliutuliza mzigo, akaurudisha taratibu mpaka chini kabisa, akabonyeza redio.

"Nimeweka ndoo chini. Nashuka."

"Unashuka wapi?" mtoa ishara alipiga kelele. "Zege linaganda! Kuna nini?"

"Tumbo."

Kicheko cha Komando kikajaa redioni. "Jamani, tumbo! Mleteeni uji!"

Vidato mia mbili na kumi na sita. Kama alifika chooni au hakufika, hilo ni lake na Mungu wake, na sisi tumheshimu.

Msimamizi wa ujenzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ratiba. Alimwita kwenye kontena lililokuwa ofisi yake, hakumkaribisha kiti. "Leo nimeiacha ipite," alisema. "Ikijirudia, nitakutafutia kazi ya chini." Hakupandisha sauti, na hilo lilimwogopesha Kipanga kuliko kama angefokewa. Miaka kumi na moja ya kupanda, na ngazi yote ile ingeweza kuishia kwenye rundo la kokoto alipoanzia.

Jioni alipitia duka la dawa. Mdogo wake alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye rafu, mazoea yana taabu, kisha mkono ukasimama.

"Dada," alisema bila kugeuka, "nimekupa mara ngapi hivi?"

"Nani anahesabu?"

"Ndiyo ninachouliza. Nani anahesabu?" Aligeuka, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Mteja mwingine akija hivi namwambia akamwone daktari. Wewe tu ndiye nakupa. Kwa sababu ni dada yangu. Sasa niambie, hiyo ni akili?"

Walikwenda pamoja kesho yake, kabla ya zamu. Daktari alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, na hakuwa na haraka. Aliagiza choo na damu vipimwe. Majibu yaliporudi, hakukuwa na minyoo, hakukuwa na amiba, hakukuwa na lolote lililohitaji vidonge vya rangi mbili.

"Umevimeza muda gani?" daktari aliuliza, akivitazama vidonge ambavyo mdogo mtu aliviweka mezani.

 Mdogo wake ndiye aliyejibu, na alijibu yote, hadi ya mfuko wa koti.

Daktari hakugomba. Alivua miwani. "Mama, humo ndani hukai peke yako. Utumbo una bakteria wengi kuliko watu wa mji huu wote. Wengi wao ni wema kwako. Wanamalizia kusaga chakula kilichokushinda, na wakijaa vizuri, wabaya hawapati pa kukaa. Sasa kidonge kama hiki cha kuua bakteria kikiingia, hakiulizi nani mwema, nani mbaya. Kinafagia. Kuna ugonjwa unaotaka kufagia hivyo, na daktari akikuandikia, unatumia kama ulivyoelekezwa. Lakini wewe umefagia miaka mitatu nyumba isiyo na uchafu."

"Basi niandikie kidonge cha kuwarudisha."

Daktari alicheka mpaka kiti kikalia. "Unaona? Bado unataka kidonge! Walishe, mama. Wanapenda yale unayoyakimbia. Maharage, dengu, mboga za majani, matunda, nafaka isiyokobolewa. Mtindi kikombe kimoja, huo unaweza kusaidia. Anza kidogo kidogo, usivamie. Maji kunywa. Itachukua wiki, labda miezi. Ukiona damu, homa, au unazidi kukonda, rudi kwangu siku hiyo hiyo." Alivaa tena miwani. "Na jingine. Tumbo likikuita, itika. Ukilinyamazisha kila siku, linavurugika, halijui tena lini liseme."

Njiani Kipanga aliyapima maagizo moja moja. Maharage aliyaweza. Mtindi aliuweza. Lile la mwisho ndilo lililomshinda.

Mama yake alipopata habari, alipika kama mtu aliyekuwa amefungiwa jiko. Miaka mitatu alikuwa akipika chakula kinachoishia kwa majirani. "Nilidhani mapishi yangu yameoza," alisema akimjazia bakuli. "Nikawa najiuliza, au huyu amepata mama mwingine huko juu?" Alisema kwa kucheka, lakini Kipanga alijua halikuwa la kuchekwa lote, akala.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya gesi. Hapo Kipanga aligundua faida ya kufanya kazi peke yako angani, madirisha yakiwa wazi. Wiki ya pili mambo yakapungua. Wiki ya nne aliamka asubuhi, akaenda chooni kama mtu mwingine yeyote, akatoka akiwa mwepesi, akasimama sebuleni asijue furaha ya namna hiyo unamsimulia nani. Akampigia simu mdogo wake, aliyekuwa kwenye daladala akienda kazini. Walishangilia wote wawili, na abiria wenzake wa mdogo mtu sijui walifikiri nini.

Lakini aliona jambo. Siku za mapumziko, alipokunywa maji na kwenda haja alipoitwa, tumbo lilikuwa la mtu. Siku za kazi, alipojibana tangu asubuhi hadi jioni, lilianza tena ukorofi wake. Akiwa kule juu, mzigo ukingoja kufungwa, alilifikiria sana hilo. Kumbe kwa miaka yote alilitendea tumbo lake vilevile alivyochukia kutendewa alipokuwa akibeba kokoto. Nyamaza, beba, usiulize saa. Na ukilalamika, tunakufukuza. Yeye alikuwa amelifukuza tumbo lake mwenyewe kwa vidonge, na lilikuwa limevumilia kuliko yeye angevumilia. Alijionea huruma, kisha akajikasirikia, na hasira ndiyo iliyomsaidia.

Jumamosi asubuhi, kwenye kikao cha wiki ndani ya lile kontena, walikuwepo msimamizi, mtoa ishara, Komando na yeye. Ratiba ilisomwa. Msimamizi akauliza kama kuna mengineyo, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga daftari. Kipanga alipiga moyo konde.

"Mimi ninalo. Naomba nishuke mara mbili kwa zamu. Saa zijulikane, ziandikwe, zege lipangwe kuzizunguka."

"Kushuka kufanya nini?"

"Kwenda chooni. Na kunywa maji, kwa sababu nikijua nitashuka, nitakunywa."

Msimamizi alimwangalia kama mtu aliyesikia lugha ngeni. "Kushuka na kupanda ni nusu saa. Mara mbili ni saa nzima. Winchi mbili, saa mbili. Dada yangu, winchi haiwezi kungoja tumbo la mtu mmoja."

"Siku ile ilingoja," Kipanga alisema, "na ndoo nusura impige fundi kichwani. Nimeugua miaka mitatu kwa kulificha. Dawa nimemeza zisizonihusu, nikaharibu hata kilichokuwa kizima. Sasa napona, na sitaki kurudi kule. Kama haiwezekani, nipeni kazi ya chini. Nitaikubali leo."

Alishangaa kusikia mwenyewe alivyosema.  Alikipenda kile kibanda, alilipenda lile jina, na alikuwa ameviweka vyote mezani mbele ya watu watatu ambao wangeweza kuvichukua.

Mtoa ishara alikohoa. Msimamizi alichezea kalamu. Kipanga alimngoja Komando aseme neno lake la utani, kwa sababu neno lake lilikuwa halijawahi kuchelewa hivi.

Komando alikuwa amevua kofia. Aliigeuza mikononi, mara moja, mara ya pili.

"Kibandani kwangu," alisema polepole, "nyuma ya kiti, kuna mfuko. Ndani kuna suruali. Si ya baridi, ni ya kubadilishia." Akaiweka kofia mezani. "Mwaka wa tano huu naibeba. Nimeivaa zaidi ya mara moja."

Hakuna aliyecheka. Hata mtoa ishara, ambaye hucheka mtu akijikwaa, aliangalia viatu vyake. Komando alikuwa amewekeza miaka mingi kwenye kicheko, na sasa hakikuwepo kwenye chumba, na mabega yale mapana yalionekana madogo.

Msimamizi alifungua tena daftari. Alichora mstari, akaandika "winchi zote mbili," akainua uso.

"Saa ngapi na saa ngapi?"

Kipanga alikuwa na jibu lake tangu wiki iliyopita. Alimgeukia Komando, akamwachia yeye aseme kwanza.