Mgongo wa Mkono

Fundi wa stima wa kiwanda chetu cha mkonge hapa Thika, mwenye mvi sasa, hugusa kila waya kwa mgongo wa mkono kwanza, hata ule aliouzima mwenyewe. Anasema kiganja kikipigwa na stima hushika, hakiachi. Huimba nyimbo za kanisani akiwa juu ya ngazi, na akinyamaza, hata Mzungu meneja hurudi nyuma, maana tunajua waya una moto. Juzi Waweru, mpakiaji wa marobota, alimwuliza, "Fundi, nikufuate wewe, ama niende shule ya ufundi?" Fundi akamaliza ubeti wake. "Nenda shule. Mimi mwalimu wangu alikuwa stima yenyewe, na huyo hana huruma." Kisha akaichukua fomu ya shule aliyoishika Waweru, akaisoma pole pole, kimya kabisa. "Hapa kwa umri," akauliza, "mwisho wao ni miaka mingapi?"