Mabaki ya Nyota Pacha

Jumatano, 12 Machi 2025, Kharumwa. Mawingu mazito, mvua hakuna.

Mwalimu wa fizikia hapa shuleni hupuliza chaki kabla ya kuandika. Baruti iliwalipukia wanawe mapacha kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu; Kulwa akazikwa, Doto hakuonekana. Leo, nikiwa nje ya dirisha la darasa, nilimsikia akifundisha nyota pacha: moja huinyonya nyingine hadi yenyewe inalipuka, na wataalamu huchunguza mabaki wajue chanzo.

“Mwalimu, ile ya pili inakwenda wapi?” mwanafunzi wake Nyamizi aliuliza.

“Hurushwa mbali. Wataalamu huitafuta humo kwenye mabaki.”

“Wakiikosa?”

Mwalimu alifuta ubao ambao alikwisha kuufuta. “Basi ziliungua zote mbili, mwanangu.”

Alhamisi, 13 Machi. Asubuhi mwalimu alikuwa duarani tena, akichekecha vumbi kwa chekeche la unga la mama wa mapacha.