Rangi Mbichi

Tangu serikali iache kupanga bei ya mafuta, muuza petroli wa Tukuyu alishika pampu na brashi. Kila bosi alipopiga simu kumpa bei mpya, muuzaji alipanda kiti, akafuta tarakimu za zamani kwenye bango la bei, akachora mpya kwa rangi nyekundu, polepole, ulimi nje. Hakumpunguzia mtu. Hata mchungaji aliambiwa, "Bei ni ya soko, baba. Mimi naandika tu."

Siku moja Hellen alifika na pikapu ya kukodi, mama yake amelala nyuma akihema kwa shida, wakielekea hospitali Mbeya. Hela aliyokuwa nayo ilitosha mafuta ya safari kwa bei ya asubuhi. Muuza petroli ndiyo kwanza alikuwa anashuka kitini, ameshaandika bei ya juu zaidi.

"Kaka, nisaidie. Hatutafika."

Muuza petroli alimtazama mama, akaligusa bango, kisha akakitazama kidole chake chekundu.

"Bado mbichi," alisema. "Bei mbichi haiuzwi."

Akamjazia kwa bei ya asubuhi. Pikapu ikaondoka. Waliofuata kwenye foleni nao wakadai bei hiyohiyo, akawapa, maana rangi ilikuwa mbichi kwa wote. Ukungu ukashuka, hadi jioni bango lilikuwa halijakauka. Bosi alipofika amefura, alimkuta muuzaji amesimama chini ya bango, akilipepea kwa kofia.