Viatu vya Ghorofa ya Tano

Jamani, hii hamtaiamini: mtu kapewa barua ya onyo kazini kwa kosa la kukaa na mfiwa. Hakuiba, hakuchelewa. Alikaa tu.

Saa kumi na mbili asubuhi, Mama Ngazi yuko ghorofa ya tisa na ndoo yake. Anaanzia juu, anashuka na dekio, ngazi mia moja na sitini na mbili kila siku, mwaka wa pili sasa ugenini. Jina hilo kapewa na mdogo wake wa kike, aliyebaki nyumbani akimlelea binti zake wawili.

Wapangaji wanapita. Salamu hakuna. Wiki ya kwanza alimwamkia baba mmoja, akamuuliza za nyumbani, za watoto, kaamkaje. Baba wa watu akasimama, akamuuliza anauza nini.

"Nikamsimulia mdogo wangu, akacheka mpaka akakohoa," anasema. "Akaniuliza, dada, huko unaishi na watu au na mafriji?"

Hayo aliyazoea. Hata kumtembelea mtu kwa miadi, kama unaenda kwa daktari, alizoea. Kilichomshinda ni mlango mmoja wa ghorofa ya tano.

Mlinzi wa jengo alimdokezea kwamba mzee wa pale amefariki, kabaki mkewe peke yake. Mama Ngazi akapita na dekio, akaangalia mlangoni. Hakuna kiatu. Siku ya pili, hakuna. Ya tatu, vilevile.

"Kwetu msibani viatu vinajaa mpaka unakosa pa kukanyaga. Unaweza kuondoka na vya mwenzako. Pale hata ndala moja. Nikajiuliza, huyu bibi analia na nani?"

Akaegesha ndoo, akavua viatu, akagonga. Bibi akafungua, akampisha. Wakakaa kwenye kochi kama nusu saa. Mwishowe bibi akauliza mbona yuko peku, akaelezwa habari ya viatu. Hapo ndipo akalia, mara ya kwanza tangu mumewe afe. Mama Ngazi akamwoshea vyombo, akarudi kwenye ngazi zake.

Kesho yake, barua. Kaingia kwa mpangaji bila miadi. Kafanya kazi asiyotumwa. Kaacha viatu kwenye njia ya dharura. Na wala hakuna aliyemchongea: bibi mwenyewe alipiga simu ofisini kushukuru, akaeleza yote, mpaka vyombo.

Barua ya pili ni kufukuzwa, na kibali chake cha kuishi kinategemea kazi hii. Imebaki miezi kumi na moja aruhusiwe kuwaleta wanawe. Yule binti mdogo sasa anamwita "mama wa kwenye simu".

Anafika ghorofa ya tano, anasimama. Mlango umeachwa wazi kidogo. Nje kuna viatu vya kiume, vyeusi, vimepigwa rangi vinang'aa. Vya marehemu. Bibi ndiye anayeviweka, kila asubuhi, mwezi wa pili huu. Juu ya mlango, kamera ya korido.

Mama Ngazi anavinyanyua, anadeki, anavirudisha palepale. Ndani mtu anakohoa.

"Anajua ni mimi," ananong'ona. "Nikishawapata wanangu, siku hiyohiyo naingia. Ila bibi ana miaka themanini na tatu."

Anachukua ndoo.

Wewe ungevua viatu, au ungeshuka ghorofa ya nne?