Saa Mbili hadi Kinshasa

Enzi zetu za vita, sisi watoto wa Kindu, mashariki mwa Kongo, tulitambua ndege kwa mlio kabla hatujaiona. Reli ilikuwa imekufa, barabara ya Punia ilijaa wenye bunduki, kwa hiyo chumvi na sabuni vilitujia kwa ndege. Ndege ya Goma ikinguruma juu ya mto Lualaba, mama zetu waliacha sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu wakakimbilia vikapu. Siku hiyo tulilamba mikono hadi viwikoni. Watoto wa leo wanaosukuma sahani kando eti mboga haina nyama, wangetoroka kwetu asubuhi na mapema.

Mchezo wetu ulikuwa ndege. Tulitandaza mikono, tukakimbia juu ya mataruma ya reli tukivuma kwa midomo mpaka mate yakaruka. Kila mmoja alitaja anakokwenda. Mimi nilikuwa ndege ya Kinshasa, na kila mara wenzangu walinikalisha chini: "Kule njia imefungwa!" Niliinuka nikaruka hivyo hivyo, kwa sababu baba yangu alikuwa huko. Alikwenda kuuza mchele, vita ikaikata nchi vipande, naye akabaki upande wa pili. Miaka ikapita bila simu wala salamu.

Ndipo shangazi, dada wa baba, akaja na wazee wa msikiti. Walitaka mama akae eda ya mjane.

"Wifi, ndugu yangu alishakufa," shangazi alisema huku analia. "Kaa eda, tumuombee."

Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuuweka chini ungo, akajibu kwa Kiswahili chetu cha Kindu, ambamo 'njo' ni 'ndiyo'.

"Bwana yangu iko Kinshasa. Kinshasa njo kaburi? Ni saa mbili tu na ndege. Eda ya muntu mwenye angali muzima, mimi sikai!"

Wanawake wakaacha kumwalika kwenye shughuli zao. Walimwita kichwa ngumu. Nilijivunia kichwa kile, na mpaka leo najivunia.

Amani iliporudi, ndege za Kinshasa zikaanza kutua tena. Mama alikwenda uwanjani kila aliposikia moja, kitenge kimepigwa pasi ya makaa. Mara nyingi alirudi peke yake, watu wakimcheka waziwazi. Siku moja baba akateremka ngazi, amekonda, ndevu nyeupe. Mama akampokea mfuko.

"Ulikawia," akamwambia. "Twende, wali unapoa."

Sasa mpwa wangu ananionyesha kwenye simu: Kindu hadi Kinshasa, kilomita elfu moja mia moja na kitu, saa mbili. Ndege ikichelewa asubuhi moja tu, anaurekodi uwanja mzima na kulalamika kama amefiwa. Vita siitamani hata kidogo. Ninachokosa ni watu waliojua kungoja bila kuinamisha shingo.

Baba alitufia nyumbani, uzeeni, wajukuu wakiwa wamemzunguka. Siku ile shangazi hakuthubutu kumtajia mama eda. Mama mwenyewe alitandika mkeka, akavua hereni, akatutazama sote.

"Sasa njo nakaa," akasema.